Kumfunza haski mchanga kurudi anapoitwa akiwa hana kamba

Haski akifunguliwa kamba macho yake huenda mbele. Wachukchi wa kaskazini-mashariki mwa Siberia walifuga mbwa hawa wa kuvuta sleji nyepesi (gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji) kwa masafa marefu juu ya barafu, wakiwa mbele ya binadamu, wakiuchagua wenyewe mkanyago salama. Mwaka 1925, Togo, haski aliyeongoza timu ya mwendesha sleji Leonhard Seppala, aliivusha timu nzima juu ya barafu ya ghuba ya Norton Sound kule Alaska katika safari ya kupeleka dawa ya dondakoo mjini Nome. Mbwa wa mbele katika kazi ya namna hiyo anatakiwa aamue, na pengine akatae amri inayompeleka kwenye barafu mbovu. Mbwa wa kuchunga kondoo ni kinyume chake: amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa tabia ya kugeuka kumtazama mchungaji. Kwa hiyo haski huchukua muda mrefu zaidi kuliko mbwa wa kondoo kuyamaliza mafunzo haya, na katika muda huo kazi kubwa ni kumfundisha kugeuza shingo.

Kabla ya yote, weka mpaka wa matumaini. Vyama vya wafugaji wa haski hushauri asifunguliwe kabisa mahali pasipo na uzio, na ushauri huo una msingi: silika ya kuwinda ni kali, na akishaanza kumkimbiza mnyama anaweza kwenda kilomita nyingi bila kutazama nyuma. Kwa mafunzo mazuri, haski wengi wanaweza kufikia kurudi mara nyingi wanapoitwa uwanjani kukiwa na watu na mbwa wengine. Kurudi akiwa ameshaanza kumfukuza sungura ni ngazi ya mwisho, na wengine hawaifikii maisha yao yote. Karibu na barabara, reli au mifugo, kamba haifunguliwi, hata mbwa awe hodari namna gani.

Umri unaodanganya

Anza siku mtoto wa mbwa anapofika nyumbani, kwa kawaida akiwa na wiki nane. Kuanzia hapo hadi karibu miezi minne atakufuata kila unakokwenda, na wenye mbwa wengi hudhani tayari ameshajua kurudi. Hajajua chochote, anaogopa tu kuachwa. Kati ya miezi mitano na minane hofu hiyo hutoweka, pua inakomaa, na mbwa yuleyule aliyekuwa hatoki miguuni anapotea nyuma ya mti wa tatu. Kipindi hicho kigumu huendelea hadi miezi kumi na minane hivi. Basi tumia wiki za utiifu wa bure kujaza thamani ndani ya neno lako, na kamba ndefu iwe mgongoni mwake kabla hajagundua kwamba anaweza kukuacha.

Vifaa

Mkanda wa kifuani wenye umbo la Y mbele na pete mgongoni. Kamba ndefu haifungwi kwenye kola: mbwa anayefika mwisho wa mita kumi kwa mbio huvutwa shingo ghafla, na haski ana mbio.

Kamba ya mita 10, baadaye ya mita 15, ya utepe uliopakwa plastiki wenye upana wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Ya pamba hulowa na kuwa nzito, ya nailoni nyembamba huchoma viganja. Mwisho wake usiwe na kitanzi wala fundo, maana vyote hunasa kwenye mizizi na mawe. Vaa glavu. Kamba za kujikunja zenyewe ndani ya kishikio ziache kabisa: huvuta muda wote, na kwa haski mvuto wa nyuma ni ishara ya kazi. Akiuhisi, anaegemea mbele.

Filimbi ya plastiki isiyo na gololi ndani, ili sauti yake isibadilike kwa baridi, mate wala hasira yako.

Zawadi. Hapa haski ni mgumu, kwa sababu wengi hula kidogo kuliko ukubwa wao na hawababaiki na biskuti. Mpime: weka sakafuni kipande cha kuku aliyechemshwa asiye na mfupa, cha jibini na cha ini, uone anachokimbilia kwanza siku tatu mfululizo. Hicho ndicho cha kumwitia nje. Cha pili ni cha ndani. Kata vipande vya ukubwa wa punje ya njegere. Gramu 50 hadi 80 kwa siku zinatosha, na upunguze kiasi hicho kwenye mlo wake. Ini usizidishe, maana huharisha. Vitunguu, zabibu, chokoleti, vitu vyenye zailitoli (kitia-utamu cha peremende zisizo na sukari) na mifupa iliyopikwa ni hatari.

Ongeza kitu cha kukimbiza: kipande cha manyoya kilichofungwa kwenye kamba ya mita mbili. Kwa mbwa huyu, kukimbiza kitu kwa sekunde kumi kando yako mara nyingi humshinda kuku.

Neno

"Njoo" limeshachakaa. Amelisikia mara elfu kabla ya kuoshwa, kabla ya kukatwa kucha, na bila sababu yoyote. Jina lake nalo linatajwa kutwa nzima. Chagua neno ambalo hakuna anayelitumia nyumbani, fupi, linaloishia kwa irabu wazi ili lifike mbali. "Hima!" linafaa sana. Kila mtu wa nyumbani alitamke vilevile, kwa sauti ya furaha, mara moja tu.

Wiki ya kwanza: neno na chakula, basi

Chumba tulivu. Mbwa yuko karibu. Sema "hima", kisha ndani ya sekunde moja weka kipande mdomoni mwake. Hatakiwi kufanya lolote. Mara kumi, vipindi vitatu kwa siku, siku saba.

Mpangilio ndio kila kitu. Neno kwanza, mkono baadaye. Wengi huingiza mkono mfukoni huku wanatamka, na mbwa anajifunza kusoma mkono. Siku mkono usipoonekana, neno halina maana. Weka mikono mgongoni unapotamka.

Mwishoni mwa wiki mjaribu akiwa ananusa kitu umbali wa mita tatu, kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Shingo ikigeuka kabla hujamaliza neno, songa mbele. Ikichelewa, rudia wiki nzima. Siku saba zilizoongezwa hapa huokoa miezi baadaye.

Kuja, kushikwa, kuachiwa

Sasa mwite kwa mita tatu hadi tano ukumbini, ikiwezekana watu wawili wakipokezana. Akifika, mpe chakula chini, kikiwa kimegusana na magoti yako. Usinyooshe mkono kumfuata: ukinyoosha, unamfundisha kusimama mbali kwa urefu wa mkono wako.

Haski hupenda mchezo mmoja unaowatesa wenye mbwa. Anarudi vizuri, anasimama mita mbili kutoka kwako, anainamisha kifua, kisha anazunguka nje ya kufikiwa. Anajua kwamba kushikwa ndio mwisho wa burudani. Dawa yake ni mazoezi ya kola: gusa kola, toa kipande, shika kola, toa kipande, shika ukivuta kidogo, toa kipande. Mara ishirini kwa siku kwa wiki mbili, mpaka awe anasukuma shingo yake kwenye kiganja. Mkono utangulie, chakula kifuate. Ukionyesha chakula ili upate kumshika, atakisoma kama mtego.

Halafu mwachie. Kiini cha mafunzo ya haski ndicho hiki, kwa hiyo usikipite haraka. Mbwa huyu anathamini uhuru kuliko nyama, na ukiweza kumlipa kwa uhuru umepata mshahara usiokwisha. Mwite, mshike kola, mpe kipande, kisha sema "nenda!" na umwache arudi kwenye kile alichokuwa anakifanya. Kati ya miito kumi, tisa iishe kwa "nenda". Mwanasaikolojia David Premack alilieleza jambo hili mwaka 1959: tendo ambalo mnyama analipenda sana hulitia nguvu tendo asilolipenda sana, likifuatia mara baada yake. Kwa haski, kunusa na kukimbia ndiyo malipo, na kurudi kwako ndio mlango wa kuyapata.

Wito wa kumi, ule wa kumaliza matembezi, ufunike. Mwite, mpe vipande vitano kimojakimoja, cheza naye kwa manyoya dakika mbili, tembeeni pamoja hatua kadhaa, ndipo ufunge kamba fupi. Tena katikati ya matembezi funga na ufungue klipu mara nne au tano bila sababu, ili mlio wake usiwe habari mbaya.

Kamba ndefu uwanjani

Kazi ya kamba hii ni moja: kuhakikisha hapati kamwe uzoefu wa kukimbia akafaulu. Haivutwi kama ndoano. Iache iburute, kaa ndani ya mita tatu za mwisho, na akianza kutoka ikanyage kwa mguu. Usiizungushe mkononi wala kwenye kidole; haski wa kilo ishirini akiwa mbioni anaweza kuvunja kidole.

Wiki mbili za kwanza usimwite kabisa. Lipa kila anapogeuka mwenyewe kukutazama. Sema "vizuri" wakati huohuo anapogeuza kichwa, toa kipande, mwachie. Badili mwelekeo kimyakimya, ili agundue kwamba asipokutazama anaachwa. Kwenye matembezi ya nusu saa anaweza kulipwa mara thelathini au arobaini, na hakuna cha kuonea uchungu hapo. Zoezi hili linadharauliwa kuliko yote, na ndilo linalotenganisha haski anayefunguliwa na asiyefunguliwa: mbwa aliyezoea kugeuka kila sekunde kumi hafiki mbali kiasi cha kusahau.

Kisha anza kuita. Mita tano, hakuna kishawishi. Halafu kumi. Halafu rudi tano, ongeza kishawishi. Umbali na kishawishi visiongezwe pamoja. Vishawishi navyo vina ngazi zake, na kwa haski wengi hupanda hivi: mtu anayepita mbali, mtoto na mpira, mbwa aliyefungwa umbali wa mita 50, kisha 30, kisha 15, mbwa wanaocheza, harufu mbichi ya mnyama, mnyama aliyetulia, mnyama anayekimbia. Hesabu miito kumi. Akirudi papo hapo mara nane au zaidi, panda ngazi. Akirudi tano au pungufu, shuka. Akiwa katikati, baki hapohapo.

Mbwa asipokuja ndani ya sekunde tatu, usirudie neno. Kila marudio humfundisha kwamba neno la kwanza si la kweli. Fuata kamba kwa mikono hadi ufike karibu naye, mpe harufu ya chakula puani, rudi nyuma hatua tano, akufuate, mpe kipande kimoja cha kawaida. Wito unaofuata uwe mwepesi kabisa. Lakini jiulize pia kwa nini uliita: kama hukuwa na hakika kwamba atakuja, ulitakiwa kunyamaza na kusogea karibu. Neno linachakaa kwa kutumiwa pale linaposhindwa.

Jifunze kuusoma mwili wake. Kuwinda kuna hatua: kutafuta, kukaza macho, kunyemelea, kukimbiza. Masikio yakisimama mbele, mkia ukaacha kuyumba, mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani, umebaki na sekunde moja au mbili. Ita hapo. Akishachomoka, kwa haski mchanga masikio yamefungwa, na neno lako utalipoteza bure.

Chagua saa za baridi, alfajiri au jioni. Manyoya yake ni ya tabaka mbili. Akihema sana hataki chakula, na mwalimu hufikiri mbwa amekaidi kumbe ana joto. Vipindi viwe vya dakika kumi. Mbio ndefu za kulazimishwa, kama kukimbia na baiskeli, zisubiri mifupa ikomae, baada ya mwaka mmoja na zaidi.

Kuifupisha kamba hadi isiwepo

Mbwa hujua uzito wa kamba. Wengi wana utii kamili ikiwa mgongoni na masikio ya jiwe ikitoka. Kwa hiyo haiondolewi kwa siku moja. Ndani ya eneo lenye uzio, iburute mita 10 bila kuigusa kwa wiki mbili, kisha ikate ibaki mita tano, kisha mbili, mwisho kipande cha sentimita 30 kinachoning'inia tu. Kila hatua idumu hadi upate miito thelathini isiyo na kosa kwa siku mbalimbali.

Uzio uwe na urefu wa mita 1.8 angalau. Zunguka chini yake ukitafuta nafasi na udongo uliolegea, kwa sababu haski huchimba kwa bidii ileile anayorukia. Angalia komeo la mlango. Mara ya kwanza bila kamba aje na njaa kiasi, akiwa ameshatembea nusu saa ili mvuke wa kwanza umtoke. Muda usizidi dakika tano: mwite mara tatu, mwachie mara tatu, funga kamba akiwa bado anafurahia. Nje ya uzio ni baada ya miezi ya hali hii, mbali na barabara, na kwa kawaida si kabla hajatimiza mwaka na nusu.

Filimbi ya dharura

Hii hujengwa kando, na haitumiwi kwa mambo ya kila siku. Milio mitatu mifupi, kisha chakula bora kuliko vyote, kipande baada ya kipande kwa sekunde thelathini mfululizo. Mara moja kwa siku kwa mwezi mzima, kwanza akiwa miguuni, halafu kutoka chumba kingine, halafu nje kwenye kamba. Sekunde thelathini ni nyingi ukizihesabu, na ndivyo inavyotakiwa iwe: mbwa asimame akiwaza kwamba leo kumetokea ajabu. Ukiitumia kwa hatari ya kweli, ijaze upya kwa marudio kumi mepesi siku zinazofuata.

Akitoroka

Usimkimbize. Kwake mchezo umeanza, na wewe ndiye mtu wa polepole kati yenu. Geuka ukimbie upande mwingine ukipiga kelele za furaha, au kaa chini uchimbechimbe udongo kana kwamba umepata kitu. Burura manyoya. Fungua mlango wa gari kama anapenda gari. Akipotea machoni, mtu mmoja abaki palepale alipoonekana mara ya mwisho, maana wengi hurudi kwa njia ya harufu yao wenyewe. Acha hapo nguo uliyoivaa. Chipu ya utambulisho chini ya ngozi na kibati chenye namba ya simu viwepo kabla ya siku hiyo.

Akirudi baada ya saa nzima, mpe chakula. Hasira ni haki yako, ila mbwa huunganisha adhabu na tendo la mwisho, na tendo lake la mwisho ni kurudi. Kofi moja hapo linaweza kufuta mazoezi ya wiki nyingi. Kola ya umeme nayo ina hatari ya namna hiyo: akichomwa huku anamtazama mbwa mwingine au mtoto, anaweza kuuhusisha uchungu na huyo aliyekuwa mbele yake, na wengine walio katikati ya mbio hulia kisha wakaendelea na mbio zao.

Neno likishaharibika, liache. Kulifufua ni kazi kubwa kuliko kuanza na jipya kutoka wiki ya kwanza, na mbwa mkubwa hupita hatua hizo haraka kuliko mtoto.

Jike akiwa katika joto (kipindi cha kutaka dume), na dume ambaye hajahasiwa akisikia harufu ya jike wa namna hiyo, hawafunguliwi kabisa wiki hizo. Baada ya hapo, na hata akiwa na miaka mitano, nusu ya miito iendelee kulipwa kwa chakula kisichotabirika, leo kipande kimoja, kesho sita, na iliyobaki kwa "nenda". Akikosa miito miwili katika matembezi yaleyale, kamba ya mita 10 inarudi mgongoni kwa wiki mbili.